Askofu Aliyekataa Kusogea

Wapendwa, huko Ujerumani ya zamani, enzi za ngome na mapanga, palikuwa na kijana wa kabaila. Alilelewa juu ya farasi, akafundishwa kwamba damu ya ndugu hulipwa kwa damu. Alipokua akashika njia ya Mungu, hata akawekwa wakfu kuwa askofu. Joho alivaa, lakini ukoo ulibaki ukoo.

Asubuhi moja, askofu akijiandaa kwa ibada, mtu aliingia kanisani mbio, akaikumbatia madhabahu. Kwa desturi ya wakati ule, aliyeshika madhabahu haguswi. Askofu akamtazama, akamtambua. Ndiye aliyemuua mdogo wake katika ugomvi wa mpaka wa msitu, na kaburi lilikuwa bado bichi.

Mara vishindo vya farasi. Askofu akaenda kusimama mlangoni. Binamu zake walikuwa wamefika na mapanga, na mbele yao mama yake mzazi, amevaa nguo za msiba. Mama hakupiga kelele.

"Mwanangu," akasema, "sikuombi umguse. Sogea tu."

Hatua moja tu, wapendwa! Nani angemlaumu? Wewe ungesogea? Moyo wake ulimwambia sogea. Miguu ikagoma.

"Mama, sisogei. Anayemtaka aanze na mimi."

Walimtukana, wakamwambia kuanzia leo si wa ukoo wao. Alisimama palepale mpaka jua likawa la utosi, nao wakageuza farasi. Mama yake aliondoka bila kumuaga.

Aliporudi ndani, yule muuaji akapiga magoti, akaanza kumshukuru kwa kumsamehe. Askofu akamkatiza.

"Sijakusamehe. Nikikuona, damu inanichemka. Lakini Bwana wangu alisema usiue, wala hakusema ningoje kwanza nipoe. Inuka ule. Kesho utajibu kwa hakimu, nami nitakusindikiza njia nzima, ndugu zangu wasikudhuru."

Na kweli alimsindikiza.

Mmesikia? Sisi tunasema, "Moyo ukitulia, nitamsalimia." Tunaungoja moyo, miaka inapita, tunazikana hatujaamkiana. Nani alikwambia utii ni hisia? Nenda na hasira yako hivyo hivyo, ukatende lililo haki. Na yule unayemfikiria sasa hivi, ndiyo, huyo huyo: ukitoka hapa, anza naye. Msamaha, Mungu atakupa ukiwa njiani.