Siku Kiboko Alipomweleza Konokono

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na ofisi na ofisi zikiwa na birika, palikuwa na kampuni moja pembeni ya bwawa. Iliitwa Zamu. Sogeeni niwaambie ilivyokuwa tamu, kabla sijawaambia ilivyokufa.

Kampuni ya Zamu ilitengeneza programu ya simu. Ukiwa na kiu, simu yako ililia, kirii! ikakuambia: nenda sasa, zamu ya bwawani ni yako. Swala akanywa, akaondoka, ndipo Chui akaitwa. Hawakukutana. Hakuna aliyeliwa.

Nungunungu ndiye aliyeiandika programu hiyo, ta-ta-ta, ta-ta-ta, miiba ikicheza mgongoni. Bi Kanga aliijaribu, akidonoa vitufe mpaka kosa lijitokeze. Na Kindi, mdogo kuliko wote, alirekebisha kila kilichokwama. Ikifika saa nne, Bi Kanga aliinjika birika lake, tangawizi ikanukia mpaka bwawani, na vifaranga wake wakapita chini ya meza kutafuta makombo.

Tena palikuwa na Konokono. Aliishi kwenye chungu cha maua, juu ya meza ya Kindi. Mtu akikwama, wenzake walimwambia, "Mweleze Konokono!" Basi unakaa mbele yake, unamsimulia kazi yako toka mwanzo, kwa sauti, bila kuficha kitu. Konokono hajibu. Anatoa pembe zake, anasikiliza tu. Na kabla hujafika mwisho, unaliona kosa lako mwenyewe, unaruka: "Aa! Kumbe!"

Siku nzima ofisi ililia hivyo. Aa, kumbe! huku. Aa, kumbe! kule. Kiboko, mwenye kampuni, aliyasikia hayo kutoka chumbani kwake akastaajabu. Alidhani Konokono ni mganga.

Mwaka mmoja mvua ikakataa kukoma. Kila shimo likajaa maji. Nani tena angoje zamu? Simu zikanyamaza, wateja wakapungua, na mshahara, ambao siku hizo ulikuwa mahindi, ukachelewa.

"Mwezi ujao, wanangu," alisema Kiboko.

Mwezi ujao ukaja.

"Mwezi ujao, wanangu."

Nao waliandika, walijaribu, walirekebisha, kwa kuwa waliipenda kazi yao na waliipenda chai ya saa nne.

Asubuhi moja Kiboko akasimama mlangoni, akaujaza wote. "Kampuni imekufa. Mahindi hakuna. Nendeni nyumbani."

"Na jasho letu la miezi yote hii, mzee?" Nungunungu akauliza.

"Jasho? Hata mimi nalala njaa!" Kiboko akapiga mwayo, haaaa! Na Kindi akaona punje ya njano imenasa kwenye jino lake la nyuma.

Nje, Bi Kanga alikuwa akilifunga birika kwa kamba.

"Unalipeleka wapi, shangazi?"

"Sokoni, kesho. Wanangu hawajala tangu jana. Nikishaliuza, narudi kwetu, ng'ambo ya vilima."

Kindi akalitazama lile birika, jeusi chini, mdomo umepinda. Akaona asubuhi zake zote zinafungwa kwa kamba ile. "Usiliuze mpaka unione, shangazi. Tafadhali."

Mkia juu, mbio mbio, mpaka kwa Tembo. Tembo alikuwa na mashamba makubwa, na ndiye aliyeisaidia kampuni ilipoyumba.

"Babu Tembo, ulimpa Kiboko mahindi ya mishahara yetu?"

"Nilimpa! Magunia kwa magunia. Ameniapia kuwa mmelipwa."

"Hatujaonja hata punje. Punje niliyoiona ipo jinoni mwake."

"Mh. Wewe wasema hivi, yeye asema vile. Kiboko ni rafiki yangu, Kindi. Siwezi kumwita mwizi kwa sababu ya jino."

"Na akisema mwenyewe?"

"Akisema mwenyewe, magunia nitayabeba mimi, kwa mkonga huu."

Asubuhi iliyofuata sauti ya Kiboko ilivuma bwawa zima. "Kindiii! Wee Kindi! Njoo upesi!"

Kindi akampitia Tembo kwanza. "Simama nje ya dirisha la ofisi, babu. Usitie neno. Tia masikio tu."

Ndani, Kiboko alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, jasho likimtoka. Kioo kilikuwa cheusi tii.

"Haiwaki! Mamba anakuja kuinunua programu mchana huu, na haiwaki! Iamshe, mwanangu. Nitakupa ujira wako wote."

Kindi akatupa jicho chini ya kiti, akaona alichokiona, akanyamaza. "Lo! Hii imekwama vibaya, mzee. Siiwezi. Labda... Lakini wewe ni mkubwa, hutakubali."

"Labda nini? Sema!"

"Umweleze Konokono."

"Yule mganga wenu? Mlete! Mlete!"

Kindi akakiweka chungu mezani. "Masharti unayajua. Toka mwanzo, kwa sauti, bila kuficha. Ukimdanganya, anajifungia ndani."

Kiboko akakohoa. "Mheshimiwa Konokono. Nilikuwa na kampuni. Wafanyakazi wangu walikuwa wavivu—"

Pumzi yake kubwa ikampiga Konokono usoni. Chwip! Pembe zikaingia.

"Umemkera, mzee," Kindi akanong'ona.

"Basi, basi! Hawakuwa wavivu. Walifanya kazi vizuri sana." Pembe zikatoka, polepole. "Tembo akaniletea mahindi ya kuwalipa. Mimi... mimi nikawa, yaani..." Kiboko akashusha pumzi. Chwip! "Nasema! Nasema! Sikuwapa! Nimeyaficha kwenye kibanda cha majembe, chini ya nyasi kavu. Nikishamuuzia Mamba programu, nahama na mahindi hayo. Haya, leo nimeingia hapa, nimevuta kiti, nimekaa, nimekalia..."

Akainama. Chini ya kiti, chini ya uzito wake wote, waya wa kompyuta ulikuwa umebanwa, umechomoka ukutani.

"Aa! Kumbe!" Kiboko akaruka kwa furaha, sakafu ikalia puu! "Nimeukalia waya! Mganga wenu anaweza kweli!"

"Aa," ikasema sauti nzito dirishani. "Kumbe."

Kiboko akageuka. Akaona masikio mawili yamelijaza dirisha.

Hakungoja mlango. Alipita ukutani, garagaja! akatumbukia bwawani, chubwi! Na yumo humo mpaka leo, ametoa macho na masikio tu, anasikilizia kama Tembo ameshaondoka.

Kindi alikimbia mpaka sokoni. Akamkuta Ngiri amelishika birika, analigonga kitako, anashusha bei.

"Haliuzwi!" Kindi akapaza sauti kutoka mbali. "Shangazi, haliuzwi! Mahindi yanakuja!"

Yakaja kweli, juu ya mkonga. Vifaranga walikula mpaka wakalala palepale penye maganda.

Lakini kampuni haikufufuka, wanangu. Majani yakaota mlangoni. Nungunungu akapata kazi msituni, Kindi upande wa pili wa bwawa. Ila mara mojamoja, saa nne, Bi Kanga huinjika birika lile lile lenye mdomo uliopinda, nao huja, wakamweka Konokono katikati. Kosa la kumweleza hawana. Basi humweleza siku zile, toka mwanzo: simu zilivyolia kirii, tangawizi ilivyonukia. Na kabla hawajafika mwisho, mmoja huitazama chai yake, akasema taratibu, "Aa. Kumbe tulikuwa na raha."

Hapa naifunika hadithi yangu, isipoe. Funzo lake ni hili: kampuni inaweza kufa, lakini haki ya aliyeifanyia kazi haifi nayo.