Lundo Ambalo Sultani Hakutaka Kuliona

Hapo zamani, kabla taka hazijaundiwa kamati (astaghfirullah, nisiseme uongo, kamati zilikuwapo hata zamani hizo), palikuwa na Sultani aitwaye Barahamu, mwenye jumba la ghorofa tatu na lundo la taka la kimo cha ghorofa mbili. Kila kilichotoka jikoni na ofisini kwake kilimwagwa chini ya roshani. Kamati ya Lundo ilikwisha kukaa vikao arobaini, ikala ubwabwa, na mifupa ikaitupa papo hapo lundoni.

Basi siku moja akaja Ngwali, kijana msomi asiye na kazi, mwenye vyeti saba na kanzu moja. Akaomba ukarani.

Waziri akamwuliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?" Ndiyo, swali hilo nalo ni la kale.

"Wa kazi au wa njaa, Mheshimiwa? Wa njaa ninao wa kutosha, naweza hata kufanya semina."

Sultani akaghadhibika. "Mjuvi wewe! Haya, kazi nakupa. Lundo hili liondoke kabla ya Ijumaa. Usilichome, nina pumu. Usilifukie, usilitupe baharini, wala lisitoke katika milki yangu. Nami jicho langu lisilione tena. Ukiweza, ukarani ni wako. Ukishindwa, kichwa chako kitatundikwa langoni."

"Labeka, Maulana. Lisionwe na jicho lako wewe tu?"

"Jicho langu mimi. Khalas!"

Waziri akacheka kicheko cha mtu mwenye mshahara.

Ikawa Ngwali hakutafuta punda wala jembe. Alikwenda mtaa wa Uvumbani, nyuma ya jumba, akawaita majirani: "Jamani, njooni mchague!" Wakalichambua lundo siku tatu. Maganda na makombo yakawa mbolea ya mchicha. Majivu akayazoa Bi Zena, ajuza mpika sabuni. Mifupa ikachongwa vifungo, matambara yakashindiliwa magodoro, na vigae vikasakafia vibaraza. Ama ripoti za Kamati, ambazo hazikupata kusomwa na binadamu, zikafungiwa bajia. Basi watu wakawa wanakula huku wakisoma, wakacheka hadi wakapaliwa.

Ijumaa Sultani akafungua roshani, akaona ardhi tupu. "Umelipeleka wapi?"

"Maulana, uliniamuru niliweke pasipofikiwa na jicho lako. Nikaizunguka milki nzima, nikapapata: Uvumbani, hatua mia mbili kutoka kitandani pako."

Sultani akasema, "Nipeleke."

Akaenda na Ngwali na Waziri, amejiziba pua kwa leso ya marashi. Alipofika akaishusha, maana palinukia sabuni. Bi Zena akamkemea, "We baba, tazama unapokanyaga, mchicha huo! Nani wewe?"

"Mimi ni Sultani."

"Lahaula! Kumbe yupo kweli? Sisi tulidhani ni jina tu la kudaia kodi."

Uso wa Sultani ukasawijika. Waziri naye akaona hapa ndipo pake. "Maulana, jicho lako limekwisha kuliona lundo! Sharti limevunjika. Kichwa chake!"

Ngwali akainama. "Shingo hii hapa. Lakini kwanza Mheshimiwa atuonyeshe kwa kidole, taka ni ipi?"

Waziri akanyoosha kidole. "Hii!"

"Sabuni hiyo," akasema Bi Zena.

"Basi ile!"

"Godoro langu. Lala ujaribu."

Waziri akauzunguka mtaa mzima, kidole kimesimama kama msumari, asipate taka hata moja. Jasho likamchuruzika.

"Maulana," akasema Ngwali, "kisicho na kazi hapa ni kimoja tu, nacho tumekuja nacho kutoka ofisini. Usikitupe, ni israfu. Tukitafutie kazi."

Sultani akamtazama Waziri, akacheka hadi kilemba kikamwangukia kwenye matuta. Akaamuru Ngwali apewe ukarani siku ile ile, na madirisha ya jumba yaliyozibwa kwa chokaa upande wa Uvumbani, tangu enzi za babu yake, yazibuliwe yote. Waziri akavuliwa joho, akakabidhiwa mwiko wa sufuria ya sabuni.

"Koroga, baba," Bi Zena akamwambia. "Usisinzie. Hapa si kikaoni."