Waya wa Sange na Jembe la Siku ya Tatu

Hadithi inabisha hodi!
— Karibu, ipite ndani!
Tuikalishe siku ngapi?
— Siku mbili!
Na ikizidi?
— Ya tatu, tuipe jembe!

Haya, sogeeni karibu, maana hadithi hii ina mbio. Atakayepiga miayo, itampita mdomoni.

Hapo kale, kale ya jana tu, wanyama wakiwa wamekwisha kuijua kompyuta lakini hawajachoka kupanga foleni, palikuwa na bonde la mto, na bondeni palikuwa na Kiboko. Mkubwa! Tumbo lake lilifika mahali kabla yake. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya bonde zima, kwa kuwa aliishi ukingoni mwa mto, na mto ule ulikuwa na tabia mbaya: kila mwaka ulihama kidogo, ukamlia huyu shamba, ukamwongezea yule. Kwa hiyo kila kiangazi kompyuta ilichora upya picha za bonde: mipaka ya kila shamba, udongo wake, na siku ya mvua ya kwanza. Picha nyingi, picha nzito. Kila mnyama alikwenda kwa Kiboko na diski yake ya nje, kile kijisanduku cha kumbukumbu chenye kioo kidogo mgongoni, akachomeka waya, akazihamisha picha, akarudi nazo kwake apande. Asiye na picha hakupanda, kwani angepanda kwa jirani, na jirani angevuna.

Sasa, waya wenyewe. Waya wa Kiboko ulikuwa wa zamani, mwembamba, mvivu. Ukiuchomeka, utasikia: ndo... ndo... ndo... Picha zilidondoka mojamoja kama maji ya mtungi wenye ufa. Siku tatu! Na ole wako uuguse: ukichomoka, kazi yaanza upya. Wala huwezi kuiacha diski uende zako, kwa maana Kiboko aliwahi kuitafuna ya Nungunungu, akidhani ni kipande cha muhogo mkavu. Basi kila aliyekuja alikaa. Aliyekaa ni mgeni. Na mila ya mgeni mnaijua.

Siku ya kwanza Kiboko alimpa mgeni bakuli la uji. Siku ya pili Kiboko alimpa mgeni bakuli la uji. Siku ya tatu, jogoo hajamaliza kuwika, Kiboko aliegemeza jembe mlangoni akaimba kwa sauti ya pipa:

Ndo, ndo, ndo, tone kwa tone,
mgeni keti upone,
keshokutwa ulione
jembe langu mlangoni!

Mgeni akalima. Akatoka huyu, akaingia huyu, mpini haukupata kupoa. Shamba la Kiboko lilianza mtoni likaishia mlimani, na mwenyewe hakuwahi kulishika jembe ila kwa kulikabidhi.

Mtaniuliza: hapakuwa na waya mwingine? Ulikuwapo! Fundi Mchwa, mjenzi asiyelala, alikuwa ametengeneza waya mpya, mnene, wenye kinywa cha namna yake, unaozipitisha picha zote kwa mkupuo mmoja: fyuu! Misimu miwili waya ule ulining'inia mlangoni pake, hata buibui akautandia utando. Kwa nini? Wasikieni wenyewe.

Ngiri, mwenye meno ya nje na maneno ya nje, alisema: "Ni mzuri, sikatai. Lakini kompyuta ya Kiboko haina tundu lake. Kiboko akitoboa tundu, siku hiyohiyo nabadilisha diski yangu."

Kiboko akasema: "Nitoboe tundu la nani? Diski zao zote zina kinywa cha kale. Wakibadilisha wote, nami nitatoboa."

Kanga akasema: "Mimi namngoja Ngiri."

Ngiri akasema: "Nami namngoja Kanga."

Hata Fundi Mchwa, ukimchungulia kwapani, diski yake ilikuwa ya kinywa cha kale. "Nimeuzoea," alisema, akatazama pembeni.

Hivyo kila mmoja akamngoja mwenziwe, na mwenziwe akamngoja yeye, na jembe likawangoja wote.

Ndipo akaingia Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kuliko ngumi, pua ndefu yenye kucheza, miguu ya mshale. Kila asubuhi Bi Sange hufagia njia zake zote. Jani halilali njiani kwake, kijiti hakilali njiani kwake, ili akikimbia asikwazwe na kitu. Mwenye njia kama hizo atavumilia vipi ndo, ndo, ndo?

Msimu uliotangulia alikuwa amelishika jembe la Kiboko siku ileile mvua ya kwanza ilipolinyeshea shamba lake tupu. Alilima kwa mwingine huku akiisikia mvua yake ikipotea. Mwaka mzima wanawe watatu walitafuna mizizi, pua zao zikakonda kama sindano. Na sasa mawingu yalikuwa yakijikusanya tena mlimani, meusi, mazito. Mvua ilibakiza siku tatu. Nje ya ua wa Kiboko walisalia wanyama kumi, Sange wa mbele, nyuma yake Ngiri, nyuma ya Ngiri Kanga, na wengine saba.

"Siku tatu za waya, siku tatu za mvua," Sange akajiambia. "Nikikaa, wanangu wamekwisha."

Akatoka foleni mbio, pi-pi-pi-pi, hadi kwa Mchwa.

"Hodi, Fundi! Nibadilishie kinywa cha diski."

Mchwa akaduwaa. "Dada yangu, nikishabadilisha, waya wa kale hautaingia tena. Na tundu jipya halipo popote bondeni."

"Badilisha."

"Kiboko akikataa je?"

"Fundi, nimekuja kufanyiwa kazi au kufanyiwa matanga? Badilisha!"

Kwa! Kwa! Kwa! Kinywa kikabadilishwa. Sange akaufuta utando wa buibui, akauviringa waya mpya shingoni, akarudi. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Bi Sange!" Ngiri akapaza sauti. "Diski hiyo sasa utaichomeka wapi? Puani?"

"Shoga, umejimaliza," Kanga akasema, akitikisa kichwa. "Si ungeningoja mimi?"

"Nawe ulikuwa ukimngoja nani?"

"Ngiri."

"Basi endeleeni kungojana. Mimi naingia."

Akabisha. Kiboko akafungua, akatazama mbele, akatazama juu.

"Nani huyo? Nasikia hodi, simwoni mtu."

"Tazama chini, Mzee. Chini zaidi. Hapo hapo. Shikamoo."

"Marahaba. Chomeka, keti, uji ule pale unafuka."

"Haiingii, Mzee. Diski yangu ina kinywa kipya."

"Basi toka! Aje mwingine!"

"Natoka." Sange akageuka, akapiga hatua mbili, akaguna. "Ila nakuonea huruma."

Kiboko akavimba. "Mimi? Wewe kijipua unihurumie mimi?"

"Foleni hii ina wageni kumi, Mzee. Kwa waya wako, siku tatu unampokea mmoja. Kwa waya huu, utawapokea wote kumi kabla jua halijatua."

Masikio ya Kiboko yakacheza, pe! pe! "Kumi?"

"Kumi."

"Siku moja?"

"Moja tu."

"Na wote hao ni wageni?"

"Aliyevuka kizingiti chako atakuwa nani tena, Mzee? Mila haibagui."

Kiboko akakunja vidole. "Wageni kumi, majembe kumi! Kesho kumi wengine, majembe ishirini! Keshokutwa..." Vidole vikamwishia, akaendelea kwa meno. Akaliona shamba lake likivuka mlima, likishuka upande wa pili, mate yakamdondoka, ndo, ndo, ndo. Nanyi wasikilizaji, yarudieni maneno ya Sange neno kwa neno: jembe hamtaliona. Majembe aliyaongeza Kiboko mwenyewe.

"Mwiteni Mchwa!" akanguruma. "Mbio!"

Mchwa akaja. Kwa! Kwa! Kwa! Tundu jipya likatobolewa, kando ya lile la kale. Lakini Sange hakuchomeka. Akapanda juu ya kinu ili foleni yote imwone.

"Mzee Kiboko, tusije tukaivunja mila. Mgeni akiingia, ni uji?"

"Ni uji!"

"Bakuli zima?"

"Hadi ukingoni! Mimi si bahili!"

"Na jembe?"

"Siku ya tatu! Haipungui, haizidi. Mila ni mila!"

"Mmesikia, wenzangu?"

"Tumesikia!"

Sange akachomeka. Fyuu! Kioo kikang'aa: mipaka yote, udongo wote, mawingu yote, hayo, yamejaa! Uji haujafanya hata utando juu. Sange akaunywa, akalamba pua, akaimba:

Fyuu! Yaja kama mto,
uji ungali na joto,
siku ya tatu ni ndoto,
jembe, baki mlangoni!

"Kwaheri, Mzee."

"Kwaheri ya wapi? Keti!"

"Nikimngoja nani?" Na njia zake alikuwa amekwisha kuzifagia. Pi-pi-pi-pi! Vumbi tu.

Lo! Foleni ikavunjika. Wale waliongojana misimu miwili wakakanyagana mlangoni kwa Mchwa. Kwa! Kwa! Kwa! Ngiri akaingia kwa Kiboko: fyuu, uji, kwaheri. Kanga akaingia: fyuu, uji, kwaheri. Wote waliobaki: fyuu, uji, kwaheri. Kiboko alikoroga sufuria kwa mkono mmoja na kukumbatia jembe kwa mkono mwingine.

"Mbona hamkai? Kaeni! Jamani, hata usiku mmoja!"

"Tungependa, Mzee," Ngiri akajibu, mdomo umejaa, "lakini tumekwisha kumaliza."

Habari ya uji ikapanda bonde zima. Siku ya pili wakaja hata wale waliokwisha kulima zamu zao kiangazi kile. "Picha zangu zimeingia vumbi," alisema mmoja. "Zangu nazionea mashaka," alisema mwingine. Fyuu, uji, kwaheri! Fyuu, uji, kwaheri! Nani atawazuia? Mila ni mila. Hadi jioni ghala la Kiboko lilikuwa limefagiliwa safi kama njia ya Sange.

Siku ya tatu, gurugudu! Mvua ikashuka. Bonde zima liliinama, kila mmoja katika shamba lake. Sange alifukia mbegu ya mwisho wakati tone la kwanza lilipomgonga puani, naye na wanawe wakaruka, wakapiga vigelegele, wakalowa chepechepe kwa furaha. Kwa Kiboko hapakuja mgeni. Alisimama mlangoni, akalitazama jembe. Jembe nalo likamtazama.

Kwa hasira akapiga kelele: "Iondoeni kompyuta hii kwangu! Na waya wenu wa fyuu!" Wanyama wakaibeba, wakaisimika nyumbani kwa Sange, na matundu yake yote mawili, la kale na jipya.

Kiangazi kikarudi, mto ukahama, picha zikachorwa upya. Mawingu yalipoanza kujikusanya, hodi mlangoni kwa Sange. Alikuwa Kiboko, amekonda hata tumbo likafika pamoja naye. Mkononi alishika diski ya kinywa cha kale, shingoni ameviringa waya ule wa kale.

"Karibu, Mzee," Sange akasema. "Mchwa yupo hapo nje. Abadilishe kinywa, uchomeke fyuu, uwahi mvua yako?"

"Mimi? Kitu kile kilinimalizia ghala. Kamwe! Nitatumia nilichokizoea."

"Kama upendavyo. Kaa, mgeni wangu."

Kiboko akachomeka. Ndo... ndo... ndo... Siku ya kwanza Sange akampa bakuli la uji. Siku ya pili Sange akampa bakuli la uji. Siku ya tatu, jogoo hajamaliza kuwika, Kiboko akaamshwa na sauti tatu nyembamba za wana wa Sange, zikiimba kwa pamoja nje:

Ndo, ndo, ndo, tone kwa tone,
mgeni keti upone...

Hakungoja ubeti umalizike. Aliinuka polepole, akafungua mlango, na hapo lilikuwapo, limeegemea ukuta, mpini umefutwa safi.

Basi, wapenzi, funzo la hadithi ni hili: haraka haina baraka. Mtazameni Kiboko: alikimbilia kitu kipya siku moja tu, akapoteza ghala na majembe yote. Kwa hiyo mkiletewa waya wa kasi, msithubutu kuugusa. Mngojeni jirani, na jirani awangoje ninyi. Mimi mwenyewe wangu ninao, nimeuviringa vizuri juu ya kabati, namngoja jirani yangu aanze. Juzi nilimwona na jembe begani, lakini sikumuuliza anakwenda wapi.

Hadithi yangu imekunywa uji!
— Imeshiba!
Imekaa siku ngapi?
— Haikukaa, imepita fyuu!
Na jembe je?
— Baki nalo mwenyewe!