Mkutano wa Uwanja Uliofanyika Barabarani

Wenye nyumba, someni hii mpaka mwisho, kisha mtumieni jirani yenu mbishi.

Mtaa mmoja ulijaa nyumba hadi ukakosa pa kuanika nguo. Halmashauri ikaja na wazo: iuze hatifungani, ipate fedha za kujenga bustani na uwanja wa michezo kando ya mto, kisha deni lilipwe kidogo kidogo kwa kodi ya majengo. Ila kwanza wenye nyumba wakubali.

Mzee Shekiondo, mwenye nyumba nyingi kuliko wote, akaja juu. "Yaani watoto wacheze, mimi nilipe? Thubutu!"

Siku ya mkutano viti vilipangwa barabarani, maana hapakuwa na pengine. Gari likija, watu wanabeba viti, wanapisha, wanarudi.

Mzee hakutulia. Jicho moja kwa mwenyekiti wa mtaa, Bi Mwantumu. Jingine kwa mjukuu wake Zawena, aliyekuwa akicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake hapo hapo.

"Zawena, toka barabarani!"

"Niende wapi, babu?"

Mzee akazidi kukasirika.

Bi Mwantumu akaagiza kura ipigwe kwa mistari: wanaokubali upande wa kulia wa barabara, wanaokataa kushoto. Wengi wakajipanga nyuma ya Mzee. Alikuwa anashinda, lakini roho yake juu juu, shingo haiachi kugeuka.

Mara lori la mchanga likachomoza konani, honi moja kwa moja. Mistari ikavunjika, kila mtu mbio. Mpira wa rede ulikuwa umekimbilia katikati ya barabara, na Zawena nyuma yake. Mzee akaruka, akamnyakua, wakaangukia ng'ambo. Lori likapita. Jamani, mzee mzima alimkumbatia yule mtoto akalia bila haya.

"Haya, kila mtu arudi mahali pake," Bi Mwantumu akasema.

Mzee hakusogea.

"Mzee wangu, huo mstari wa wanaokubali. Wako ni ule."

"Nauona," akajibu. "We hesabu tu, mama. Anzia kwangu."

Wa kushoto wakatazamana. Mmoja akavuka, mwingine akamfuata, na mstari mzima ukahama, kila mtu akichungulia kwanza kama kuna gari.

Funzo: Ukikataa kuchangia uwanja, watoto hawaachi kucheza; wanachezea barabarani, na huko hujui atakayelipa ni nani.