Vyungu vya Bi Sikudhani

Masizi si aibu ya chungu. Ndivyo mwenzenu Mwanaheri alivyomjibu yule aliyemcheka kwa simu yake ya vitufe, na nyinyi mkaangua kicheko bila kujua mnachokichekea. Haya, kaeni vizuri na midomo mfunge. Methali hii ilianzia jikoni, na ilianza hivi.

Hapo zamani mji wa Kichakachanga uliingiwa na maradhi. Si ndui wala si homa, ni maradhi ya vitu vipya. Kila harusi ilikuwa na siku yake ya kupindua. Siku saba kabla ya nikaha, vyungu vya bibi harusi vilitolewa uani, na wanawake wa upande wa bwana harusi walipita wakivipindua kimoja kimoja kutazama kitako. Kitako kikiwa chekundu, vigelegele. Kikionekana na masizi, hata yawe kidogo kama wanja, binti wa watu alisemwa mpaka apate wajukuu.

Na maradhi hayo hayakuishia harusini. Mgeni akija, chungu kipya. Mtoto akitimiza arobaini, chungu kipya. Vya zamani, vizima kabisa, vilivurumishwa nyuma ya nyumba, na magae yake yakawachoma watoto nyayo. Wafinyanzi walichimba udongo mpaka bonde la mpunga likawa mashimo matupu. Ukiwauliza watu kwa nini mpunga hautoshi siku hizi, walikwambia mvua mbaya. Mvua! Mungu awasamehe.

Katika mji huo aliishi mjane mmoja, msukaji mikeka, jina lake Bi Sikudhani. Yeye alikuwa na vyungu vitatu vikubwa alivyoachiwa na mama yake, vyeusi ti kwa kupikiwa. Kibuyu chake kilipopasuka alikishona. Mkeka ukichanika katikati, alikata pembe zilizo nzima akazifanya kawa za kufunikia chakula. Machicha ya nazi yalikwenda kwa kuku, makumbi yakawa ya kusugulia vyombo, vifuu vikawa kata. Hakununua kitu mpaka kile alichonacho kikatae kabisa kutengenezeka, na hata hapo alikibembeleza kwanza. Watu walimwita Bi Masizi. Aliitika.

Aliyeumia kwa jina hilo ni binti yake, Mwatima. Msichana huyu alikuwa amechumbiwa na Faki, kijana mpole wa mtaa wa pili, na wawili hao walipendana waziwazi. Kila usiku Mwatima alilala akiogopa jambo moja tu, kwamba vyungu vya mama yake vitamkosesha mume. Alimwomba anunue vipya. Mama akamjibu, "Hivi vina kasoro gani?" Kasoro kweli havikuwa nayo, na hilo lilimkasirisha Mwatima zaidi.

Mwenye kauli upande wa Faki alikuwa shangazi yake, Bi Mashavu, mwanamke aliyejua kuvaa na kujua kusema. Huyu hakumwamini Bi Sikudhani hata chembe. Alijiambia, nikimpindulia vyombo siku saba kabla, ataazima vipya kwa majirani anioneshe, kisha siku ya karamu anipikie kwenye vyungu vyake vile vikuukuu. Basi akavunja mila. Akatuma neno kwamba safari hii kupindua kutafanyika siku yenyewe ya harusi, asubuhi, moto ukiwa tayari umewashwa.

Bi Sikudhani alipopata habari hiyo alicheka, akaendelea kusuka.

Siku ikafika. Bi Mashavu akaja na wanawake wake, kanga zao zinanukia upya wa dukani, na nyuma yao wapagazi wamebeba vyungu vinane vipya vilivyopakwa udongo mwekundu vikang'aa. Walipoingia uani, wakasimama ghafla. Vyungu vya Bi Sikudhani vilikuwa vimekwisha kupinduliwa, vitatu kwa safu, vitako juu, vyeusi kuliko usiku wa giza. Mwenyewe kakaa kwenye kigoda mbele yake.

"Nimewapunguzia kazi," alisema. "Karibuni mtazame."

"Astaghfirullahi!" Bi Mashavu alishika kifua. "Mwanamke, huoni aibu? Hata kusugua?"

"Vimesuguliwa ndani, wanapokula watu. Huku nje ni moto ndio umekula. Masizi si aibu ya chungu, Bi Mashavu. Chungu kisicho na masizi bado hakijampikia mtu."

Uani kukapasuka vicheko. Mwatima alisikia kila kimoja kule chumbani alikowekwa, na hina yake haijakauka.

Bi Mashavu hakucheka. "Sikiliza, dada. Karamu itapikwa katika vyungu nilivyoleta. Na hivi vyako vitatupwa jaani sasa hivi, tukiona kwa macho yetu. La sivyo, bwana harusi wetu tunarudi naye nyumbani."

Bi Sikudhani alivitazama vile vyekundu. "Vimepikiwa uji?"

Maana chungu kipya, wanangu, hakipelekwi kwenye moto mkali hivi hivi. Hupikiwa kwanza uji mwepesi kwa moto mdogo, ule uji uzibe vitundu vya udongo. Kwa kawaida watu walifanya hivyo katika zile siku saba, baada ya kupindua. Safari hii siku saba hazikuwepo.

"Uji?" Bi Mashavu akageukia wenzake. "Anataka nivitie masizi nije navyo! Ati awe na wenzake!"

Vicheko tena.

"Basi pikeni," alisema Bi Sikudhani. "Mimi nimeshauliza. Lakini vyangu havitupwi. Anayetaka kuvitupa anibebe mimi kwanza, na nawaambieni, mimi mzito."

Hapo Mwatima alitoka chumbani. Bibi harusi hatoki, lakini alitoka, machozi yanamchirizika, viganja kavinyanyua hina isifutike. Akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, vitupe. Nakuomba. Ni vyungu tu, mama!"

Bi Sikudhani alihisi moyo unamkatika. Angalikuwa peke yake na mwanawe, huenda angalivivunja kwa mkono wake. Lakini aliwaona wale wanawake wamenyoosha shingo, na hasira ikampanda.

"Mwanangu," alisema, "baba yako alipokufa hatukuwa na kitu. Nilipikia watu maboga kwenye hivi, ukakua. Leo nikivitupa ili upendwe, kesho watakwambia utupe nini? Mimi? Nami mkongwe, nami nina masizi. Faki akikuacha kwa ajili ya kitako cha chungu, atakuwa amekuonesha mapema. Inuka, hina inaharibika."

Mwatima aliinuka, akarudi ndani bila kumtazama. Bi Sikudhani akabaki pale kigodani, kakaza uso. Moyoni alikuwa analia.

Wazee wakaamua nikaha ifungwe na karamu ipikwe, hayo mengine yatazungumzwa baada ya chakula. Vyungu vyekundu vikatelekwa juu ya mafiga na moto ukachochewa, kwani nyama ya mbuzi haitaki mchezo. Punde cha kwanza kikaanza kutoka jasho. Cha pili kikavuja, maji yakazima kuni. Wapishi wakaongeza moto. Hapo kikasikika kishindo, pa! Cha tatu kimepasuka, wali umelala majivuni. Kabla hawajamaliza kupiga kelele, pa! Mchuzi huo. Mpaka jua lilipofika utosini, vyungu vitano vilikuwa magae, na vile vitatu vilivyosalia hakuna mpishi aliyethubutu kuvigusa.

Watu walikimbilia kwa majirani. Kila nyumba iliwapa jibu lile lile, kikubwa cha zamani tumekitupa, hiki kipya hakijapikiwa uji. Mji mzima, na hakuna chungu cha karamu cha kuaminika! Na huko msikitini nikaha imekwisha, wageni wanakuja, wengine wametembea tangu alfajiri.

Bi Mashavu alikuja mpaka kwenye kigoda. Sauti ilikuwa imempungua.

"Bi Sikudhani. Nisitiri."

"Nikusitiri na nini?"

"Unajua na nini."

"Sema kwa jina lake."

"Vyungu vyako," alisema Bi Mashavu.

"Vile vya jaani?"

Bi Mashavu aliinamisha kichwa. Wenzake walitazama kucha zao.

"Nitakupa," alisema Bi Sikudhani, "kwa sababu njaa ya wageni haikunitukana. Lakini havipitii mlango wa nyuma. Utavibeba wewe, kichwani, uvipitishe mbele ya wageni wote mpaka jikoni. Kimoja kimoja."

Alivibeba. Mara tatu alikata uwanja, mikono juu, na masizi yakamshuka kwenye paji la uso na kwenye kanga ile mpya. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wakapika kwa zamu, wali kisha mchuzi kisha wali tena, na watu walikula baada ya alasiri wakiwa wamechelewa na kushukuru. Faki alikula sahani mbili, akauliza mpishi nani. Kuhusu vitako hakuuliza, wala hakuna aliyemwona akijali.

Jioni ikawa saa ya kumsindikiza bibi harusi. Bi Mashavu, amekwisha kunawa uso, akawaamuru wapagazi wachukue vile vyungu vitatu vyekundu vilivyobaki wavipeleke kwa maharusi. Mwatima akasimama mlangoni, hakutoka.

"Hivyo viacheni," alisema.

Akaenda jikoni mwenyewe, na mapambo yake yote, akakikumbatia chungu kimoja cheusi, kingali na ujoto. Mpagazi mmoja akaguna. "Bibi harusi, utaingia kwa mume na masizi?"

"Masizi si aibu ya chungu," alisema Mwatima, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. "Na atakayenipindulia vyombo nyumbani kwangu, alete na njaa yake."

Kisha akamtazama mama yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Umeniruhusu, mama?"

Bi Sikudhani aliinuka kigodani. Aliitikia kwa kichwa. Mwatima akapita katikati ya watu na chungu kifuani, mavazi meupe yanachafuka, na wale wale waliocheka asubuhi wakampigia vigelegele.

Bi Sikudhani akabaki na vyungu viwili. Cha tatu hakununua mpaka anakufa. Viwili vilimtosha.

Basi akija mtu kukucheka kwa shati lenye kiraka, au redio ya babu yako, au baiskeli inayolia njia nzima na inafika, usimtafutie maneno mengi. Mtazame usoni umwambie: masizi si aibu ya chungu.