Wimbo Uliobadilishwa kwa Chumvi

Hapo zamani, pesa zilipokuwa hazijapanda mlima wetu, watu walipeana mali kwa mali: ndizi kwa samaki, chungu kwa maharage. Sikilizeni basi, na wewe unayesinzia, sinzia ukisikiliza.

Namkunda alikuwa mama wa mapacha. Shamba lake mawe matupu, lakini kichwa chake kilizaa nyimbo. Chumvi ikamwishia, akateremka sokoni mikono mitupu. Akamkuta Mbonea, mchuuzi wa chumvi, sauti tamu, wimbo hana hata mmoja.

"Kaka, nipe chumvi nikupe wimbo."

"Wimbo unapimwa kwa kibaba gani, dada?"

Namkunda akaimba. Mbonea akasahau wateja! Akamjazia kapu, kisha Mbonea akaondoka na wimbo wake.

Njiani akapita chemchemini akiuimba. Ulikuwa mzuri, ila umepoa. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakaudaka, wakautia kiitikio na vigelegele. "Sasa umeiva," wakasema.

Mavuno yakafika. Chifu Senkoro, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuwahi kucheza, akatangaza: "Atakayeniinua kitini, mtamba huyu mwenye mimba ni wake."

Wakaimba wengi, chifu habanduki kitini. Akaimba Mbonea, chifu akatikisa kidole. Wanawake wa chemchemini wakaitikia, chifu huyo uwanjani, kiuno hakina mfupa! Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Chifu angali anahema, Mbonea akashika kamba ya mtamba. Namkunda naye akaishika.

"Nimeutunga mimi, kaka, na wanangu hawana maziwa. Kapu la chumvi ni la kukolezea mboga, si la kubadilisha na ng'ombe."

"Dada, tulikubaliana. Chumvi yangu umeila imekwisha, wimbo bado unao kichwani. Aliyepoteza ni nani?"

Nakiete, msemaji wa wanawake, akaja mbio.

"Nyinyi mlibadilishana kitu kilichopoa! Tuliomwinua chifu ni sisi. Na chemchemi ni ya wote, kinachopatikana pale ni cha wote. Mtamba akizaa, akamuliwe kwa zamu."

"Kijiji kizima?" akauliza Namkunda. "Zamu ya wanangu itafika wakiwa na ndevu!"

Wakamgeukia chifu. Chifu akajifuta jasho: "Mimi mmenichezesha, nimecheza. Habari ya kuamua hatukukubaliana." Akawaamuru wote waiachie kamba, ikaanguka chini.

Haya, mnaojua kila kitu. Mtamba amesimama, kamba iko chini. Je, nani aiokote?