Mabakuli Yasiyolia

Wametusimulia wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa wafinyanzi njaa iliingia bila kubisha hodi. Hapo aliishi mja mwema, Raihana, mjane aliyeijua kazi ya udongo tangu utotoni. Alipopita tajiri msafiri, Mughithi, na ngamia waliobeba ngano, Raihana alimwomba wabadilishane, ngano kwa mabakuli. Tajiri akaridhia, akapiga hema nje ya mji kusubiri.

Basi mtaa mzima ukaingia kazini. Wenye nguvu walichimba udongo, wazee waliukanda, na hata wasiowahi kufinyanga kijungu cha kuchezea walifinyanga. Mabakuli mengine yalipinda midomo kama watu walionuna, wakachekana mno. Majirani waliokuwa hawasemezani walijikuta wakipokezana maji.

Lakini haraka haraka haina baraka. Kwa kuwahurumia watoto, Raihana alifungua tanuri kabla halijapoa, na baridi ikayapiga mabakuli yangali moto. Kwa macho yalipendeza. Alipoyagonga kwa kidole, hayakulia kama liliavyo bakuli zima, kwani yote yalikuwa na nyufa nyembamba kama unywele.

"Ndugu yangu," akanong'ona jirani yake, Bi Lubaba, "yapake uji mzito kwa ndani. Ukikauka, nani atauona huo ufa? Au watoto wetu watakula ukweli?"

Neno lile lilimchoma, Raihana akalia. Kisha akasema, "Dada yangu, Mola anauona ufa hata chini ya uji. Sitawalisha watoto kwa hila."

Akamwendea Mughithi na bakuli mkononi. "Bwana, kosa ni langu. Haya hayatashika maji. Ngano yako ibaki kuwa yako."

Mughithi akaligeuza bakuli huku na huku, asione kitu. "Sasa mtafanyaje?"

"Tutayaponda, tuchanganye unga wa vigae na udongo mbichi, tufinyange upya. Yatakuwa imara zaidi. Lakini safari hii tanuri litapoa kwa wakati wake, nasi tutasubiri, inshallah."

Mughithi akawaamuru watumishi wake washushe magunia.

"Bwana, mabakuli hayapo!" Raihana akashtuka.

"Aliyenionyesha ufa nisiouona," akajibu, "namwamini kwa bakuli ambalo bado ni udongo."

Siku ile moshi ulifuka katika kila jiko, na vigelegele vikavuka mitaa. Bi Lubaba ndiye aliyetangulia kushika mchi kuponda vigae, akijicheka mwenyewe: "Alhamdulillahi, uji nimeunywa, sikuupaka!"

Enyi wapenzi, wengi wetu huogopa kwamba tukizitaja kasoro zetu tutakosa riziki. Raihana naye aliogopa, lakini alimwogopa Mola wake zaidi. Mola atujaalie khofu ya namna hiyo, na majirani wa kufinyanga nao upya.